Hadithi ya Ng'ombe Mwekundu na Barua Yangu

Hadithi niliyoipenda kuliko zote maishani mwangu niliikatiza mwenyewe, kwa barua niliyoiandika kwa mwandiko mzuri. Sikukusudia hivyo. Nilikusudia kuiokoa.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu ya mke wa mwanangu. Kila Alhamisi huenda kwa jirani kutazama mchezo wa kuigiza kwenye televisheni, na wiki iliyopita walitangaza kwamba mchezo huo utaondolewa. Asubuhi nzima alikuwa akimenya mihogo kwa hasira.

"Baba, wanawezaje kumwacha yule dada hospitalini? Hatujui hata kama atapona!"

Nikamwambia uchungu huo naujua. Akacheka. "Kwani enzi zenu televisheni ilikuwapo?"

Ilikuwapo, nikamwambia, ila yetu ilikuwa ikitembea kwa miguu, nyuma ya mstari wa watu wenye mashoka.

Ilikuwa enzi za Waingereza, miaka ya kabla ya vita vya pili. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeua watu wengi upande wetu wa Biharamulo. Serikali ikawahamisha watu wakae pamoja katika vijiji vipya, na ikaamuru pori la karibu likatwe ili mbung'o wanaoueneza wakose kivuli. Mimi nilikuwa nimetoka sekondari, tukiwa wachache sana wilaya nzima, nikapewa ukarani wa kikosi kimoja cha wakata miti katika pori la kati ya Lusahunga na Nemba. Siku hizi pale Lusahunga malori hayakatiki. Wakati ule ungeweza kukaa wiki nzima bila kusikia sauti ya mtu usiyemjua.

Kazi yangu ilikuwa kuita majina asubuhi, kuandika nani kaja na nani kaumwa, na kumtafsiria mzungu msimamizi wa kazi ya mbung'o alipokuja, kila Jumamosi ya pili. Nilivaa kaptula iliyopigwa pasi, porini, na nilijiona mtu mkubwa.

Kikosi kilikuwa na watu kama arobaini: Wasubi wenzangu, Wazinza, Wasukuma wachache, na Wahangaza waliotoka Ngara. Walisimama katika mstari mmoja mrefu, kila mtu na shoka lake, wakasogea pamoja kuelekea kijito kilichokuwa mwisho wa kazi. Mnyapara wao alikuwa Msubi wa makamo, mkali, mwenye filimbi shingoni. Nikisema mkali sisemi mbaya. Aliwajua watu wake mmoja mmoja, hata anayeogopa siafu alimjua.

Miongoni mwa Wahangaza alikuwamo mtu mwembamba, mwenye umri wa kunizaa, ambaye shoka halikumtaka kabisa. Wiki ya kwanza alivunja mipini mitatu. Mpini wa tatu ulipovunjika, chuma kiliruka kikapita karibu na sikio la mnyapara.

"Wewe baba," mnyapara akamwambia, "shoka limekukataa. Kuna kazi yoyote unayoiweza?"

"Kusema."

"Kusema kila mtu anaweza."

"Basi nipe siku moja."

Akapewa siku moja. Akatembea nyuma ya mstari na fimbo yake, akaanza kusimulia. Kwanza watu walinung'unika, maana kwetu hadithi hazisimuliwi mchana. Tangu utotoni tuliambiwa ni mwiko. Yeye akajibu bila hata kugeuza shingo: "Mwiko ni kwa waliokaa. Sisi tumesimama tunafanya kazi." Tangu hapo ikawa sheria. Hakuna aliyeisikiliza hadithi ile akiwa amekaa. Wanawake waliotuletea viazi na ndizi kutoka kijiji kipya walisimama na vikapu vichwani hadi mwisho, shingo zikiwauma.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mjane. Mumewe alipokufa, shemeji zake walimchukua ng'ombe wake mwekundu, ambaye alikuwa wake kwa haki, kapewa na baba yake. Mjane hakulia. Alichukua kibuyu chake cha maziwa na fimbo, akafuata nyayo. Alipofika nyumba ya kwanza akaambiwa ng'ombe ametolewa mahari. Akaenda kwa bibi harusi, akaambiwa ametolewa faini. Akaenda kwa aliyelipwa faini, akaambiwa amepewa mganga. Na kila nyumba alifanyishwa kazi siku nyingi kabla hajaonyeshwa njia, na kila nyumba alikuta ndama aliyezaliwa na ng'ombe wake, amebaki kwa watu.

Msimuliaji alikuwa na tabia moja ya kikatili. Jua lilipofika mahali pake, hata kama sentensi iko katikati, alisimama.

"Mjane akainama kuingia zizini. Na humo ndani akakuta..." Akagonga mti uliokuwa mbele ya mstari kwa fimbo yake. "Mti huu. Kesho."

"Mchawi wewe! Akakuta nini?"

"Sema neno moja tu, baba!"

"Nyie Wasubi hamna subira," akasema akienda zake. "Ndiyo maana ndizi zenu mnazivuna bado changa."

Kesho yake mstari ulikimbia kuufikia mti ule. Mnyapara aliona, nami niliona katika daftari langu, kwamba kikosi hakijawahi kukata haraka hivyo. Aliyechelewa nyuma hakusikia, kwa hiyo hakuna aliyetaka kuchelewa. Shoka la yule Mhangaza akapewa mtu mwingine, na hapakuwa na maneno.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya ndama. Mzinza mmoja, mnene, aliyependa kesi kuliko chakula, alishika upande wa mjane.

"Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Hata mtoto mdogo anajua."

"Na majani aliyokula kwa mwenzako je?" akauliza Msukuma wa jirani yake. "Na aliyekesha naye akizaa?"

"Aliyemwambia akeshe ni nani?"

"Kateni miti," akasema mnyapara. "Kesi baadaye." Lakini baada ya miti miwili akageuka. "Ila mimi naona ndama wa kwanza ni wa mjane, wanaofuata wagawane." Wakamrukia pande zote mbili.

Mimi niliyesoma, niliyejua kueleza kwa Kiingereza mvua inatoka wapi, niliamka kila siku nikimuwaza mjane yule. Nawashukuru watu wale. Kabla yao nilidhani hadithi ni kitu kinachokaa kabatini shuleni, na ufunguo anao mwalimu.

Wiki ya saba ya hadithi, alasiri, mtu mmoja alinyoosha mgongo, akatazama mbele, akasema, "Jamani. Mbona nakiona kijito?"

Wote tukatazama. Kweli, kati ya matawi maji yalikuwa yakimeta. Mashoka yakanyamaza. Kila mtu alikuwa akihesabu miti iliyobaki, na kila mtu alijua kwamba mjane bado hajavuka mto Ruvubu, na ng'ombe, kwa hesabu ya msimuliaji mwenyewe, yuko nyumba nne mbele yake.

"Baba," Mzinza akamwita msimuliaji, "huyo mama hawezi kuharakisha kidogo?"

"Anatembea kwa miguu. Unataka nimpandishe lori?"

Tangu siku ile mashoka yakawa mazito. Aliyezoea kuangusha miti kumi aliangusha sita. Watu walinoa, wakanoa tena kilichokwisha kunolewa. Mnyapara alitazama juu kama anayetafuta mvua. Na mimi niliandika nilichokiona, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Jumamosi yake mzungu akaja, akafungua daftari, akauliza kwa nini kazi imelala. Nikasema miti ya huku ni migumu. Akasema kama hakuna mabadiliko, mwisho wa mwezi kikosi kitavunjwa, watu wasambazwe sehemu nyingine, na pori limalizwe na wengine. Basi, tulichokuwa tukifanya ili hadithi isikatwe ndicho kilichokuwa kinaikata.

Hapo ndipo nilipopata akili yangu ya kisomi. Kule shuleni tulikuwa na mwalimu Mwingereza aliyetusomea kitabu, sura moja kila Jumamosi. Likizo yake ilipofika kabla ya kitabu kwisha, darasa zima tuliandika barua ya kumwomba, naye akakaa nasi siku mbili za ziada akamaliza. Nikadhani wazungu wote ndivyo walivyo: waombe hadithi kwa adabu na kwa sarufi safi, watakupa.

Nikaandika kurasa mbili. Nikaeleza habari za mjane kwa kifupi. Nikaomba kikosi kisivunjwe mpaka hadithi itimie. Na ili mzungu aone thamani ya msimuliaji, nikaandika kwamba mtu huyu kwa wiki saba hajashika shoka hata siku moja, na bado sauti yake imeyasukuma mashoka arobaini. Hiyo kwangu ilikuwa sifa kubwa. Niliisoma barua mara tatu kwa furaha, nikaituma kwa mzungu. Sikumwonyesha mnyapara. Sikumuuliza msimuliaji. Niliwaombea watu jambo lao bila kuwauliza wao, kwa kuwa kalamu ilikuwa kwangu.

Mzungu alikuja Jumatatu, siku isiyo yake. Hakukaa.

"Yuko wapi mtu asiyeshika shoka?"

Ilinibidi nitafsiri. Nilitafsiri. Yule Mhangaza akainua fimbo yake huku akitabasamu, akidhani labda ataulizwa habari za ng'ombe.

"Ni mimi, bwana."

Aliachishwa kazi asubuhi ile ile. Mnyapara akavuliwa filimbi, akapewa shoka, filimbi akapewa mtu mwingine. Mimi nikashikwa mkono mbele ya watu, nikaambiwa ni mtumishi mwaminifu. Bahati mbaya au nzuri, hiyo ilisemwa kwa Kiingereza, na hakuna aliyeniomba nitafsiri.

Msimuliaji akafunga mkeka wake. Akautazama mti alioutia alama Jumamosi. Mjane alikuwa amesimama nje ya boma la watu, amesikia ng'ombe akilia ndani, na ameijua sauti. "Mti huu nawaachia," akasema, akaishika njia ya Ngara.

Hakuna aliyeukata. Mstari uliuzunguka, ukaendelea mbele, mti ukabaki peke yake kama mtu aliyesahauliwa. Mnyapara mpya alipouliza, wakamwambia una nyuki.

Nilifanya kosa la pili, na hili ndilo linaloniamsha hadi leo. Watu walitaka kujua nani kasema. Wakamshuku mpishi wa mzungu, kijana Mwislamu wa familia za wafanyabiashara wa mjini, wazee wake walitoka pwani. Yeye ndiye aliyekaa karibu na mzungu, kwa hiyo ndiye. Wakaacha kumsalimu. Alipokuja kutafuta kuku, akaambiwa kuku wamekufa, na kuku wanapita miguuni pake. Siku moja akanifuata.

"Karani, watu hawa wana nini na mimi? Nimewakosea nini?"

Nikamwambia, "Sijui."

Barua niliiandika kwa ujinga, lakini lile neno 'sijui' nililitamka huku najua.

Siku ya tisa nilishindwa kula. Siku ya kumi, asubuhi, nikaita majina mpaka la mwisho, nikafunga daftari, nikawaambia. Nikasema niliandika mimi, niliandika nini, na kwa nini.

Mnyapara wa zamani, amesimama mstarini na shoka lake, akauliza polepole, "Uliandika hajashika shoka?"

"Nilikuwa namsifu, mzee."

Yule Mzinza mnene akaanza kutetemeka mabega. Nikadhani analia. "Alikuwa anamsifu!" akapaza sauti. "Jamani, alikuwa anamsifu!" Na kicheko kikapita mstari mzima, mtu na mwenzake, mpaka mnyapara mpya akapuliza filimbi bila kujua afanye nini tena. Ningependelea wanipige.

Walipotosheka, wakakata shauri. Baadhi walitaka faini ya pombe ya ndizi, kama ilivyo desturi yetu mtu akiwakosea wenzake. Mnyapara wa zamani akakataa.

"Pombe tutainywa leo, kesho imekwisha. Huyu kala hadithi yetu. Alipe hadithi. Aende Ngara akaichukue iliyobaki, aje atumalizie. Na apite kwanza kwa mpishi."

Nikaenda kwa mpishi. Alikuwa akikanda unga. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono ndani ya bakuli. "Nilidhani wamenichukia kwa ajili ya dini yangu," akasema. "Nimelala siku ngapi nikiwaza hivyo. Kumbe barua." Akanigeuzia mgongo, akakanda kwa muda mrefu. Siku ya safari alinitumia mkate mzima uliofungwa kwenye kitambaa. Sikustahili, nao niliula wote njiani.

Mzungu alinipa ruhusa ya siku sita, kwa kuwa nilikuwa mwaminifu. Nilitembea siku mbili na nusu, vilima juu ya vilima. Nikamkuta kwenye mteremko, yeye na mkewe wakipalilia maharage.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karani! Nani kafa?"

Nikamweleza yote, nimesimama kati ya maharage. Akaegemea jembe lake. Nilingoja matusi.

"Hiyo barua unaikumbuka?"

"Neno kwa neno."

"Nisomee. Kwa Kizungu kwanza."

Nikasema kwa Kiingereza, naye akisikiliza kichwa upande kama anayesikiliza ngoma ya mbali. Kisha nikasema kwa lugha yetu. Pale pa mashoka arobaini alinirudisha mara mbili, halafu akamwita mkewe.

"Mama watoto, njoo usikie nilivyoandikwa kwa wakubwa."

"Wangeandika kwamba unajua kulima," mama akasema bila kuinua mgongo, "ningekuja."

Akacheka, akanipa jembe. "Shika. Siwezi kumsimulia mchana mtu asiye na kazi."

Nililima siku ile na nusu ya siku iliyofuata. Mikono yangu ya ukarani ilitoka malengelenge, yakapasuka. Alinisimulia kwa sauti ndogo, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mzigo na kumwonyesha pa kushika. "Hapa simama, hata wakikutukana. Hapa usimame tena. Hapa mjane anacheka, lakini wewe usicheke." Nikamuuliza hadithi aliipata wapi. Akasema mama yake alimpa mpaka kwenye mto. Kuanzia mtoni alikuwa peke yake.

Nilirudi zikiwa zimebaki siku nne za kazi. Nilitembea nyuma ya mstari nimefungua daftari, na mnyapara mpya akadhani nahesabu watu. Nikaanzia pale mjane aliposimama nje ya boma.

Sikuwa msimuliaji. "Sauti, karani!" walipiga kelele. Nilipotaja nyumba za nyuma, nilichanganya ya tano na ya sita. "Huyo alishakufa kwa mganga!" akanirekebisha mnyapara wa zamani. Niliposahau, mtu alinisaidia. Niliposimulia kama anayesoma taarifa, mwanamke mmoja mwenye kikapu kichwani akasema, "Mwanangu, hebu vuta pumzi." Nikavuta. Siku ya pili nilisimama mahali nilipofundishwa kusimama, nao wakanitukana vizuri sana, na sijawahi kutukanwa nikafurahi kama siku ile.

Mwisho ulifika ukingoni mwa kijito, pamebaki vichaka tu. Mjane anamkuta ng'ombe wake. Amezeeka, maziwa yamekauka, hamkumbuki. Yuko nyumbani kwa mwanamke mwingine, mjane vilevile, aliyepewa ng'ombe huyo kama pole alipofiwa, na hana kingine. Haki ni ya mjane wetu. Baraza lolote lingempa. Anamtazama yule mwenzake kwa muda mrefu. Kisha anaingia ndani, anatundika kibuyu chake ukutani, anauliza, "Zamu ya kuchunga kesho ni ya nani?"

Nikafunga daftari.

"Basi?" akauliza Mzinza. "Na ndama? Ndama saba!"

"Ndiyo mwisho."

"Miaka yote hiyo ya kutembea, halafu anatundika kibuyu? Huo mwisho gani? Umeusahau, karani, rudi Ngara!"

"Mwache," akasema Msukuma, akijifuta uso kwa mkono wenye maji ya majani. "Ulitaka amnyang'anye mjane mwenzake?"

Wakabishana hapo, miti imekwisha, mashoka mabegani. Nami nilikuwa na daftari mkononi, na kalamu, na kurasa nyeupe nyingi, na sikuandika hata neno moja la ile hadithi, si siku ile wala baadaye. Katika maisha yangu yote, karatasi nilizozitumia kwa ajili ya hadithi ile ni zile mbili za barua. Nyumba nyingi za katikati nimezisahau sasa, na hakuna wa kunikumbusha.

Lakini watu wale waliniacha nimalize. Wangeweza kunifukuza njiani kwa sauti ile mbovu, na hakuna ambaye angewalaumu.

Kikosi kilipotawanyika, kila mtu na mkeka wake, mnyapara wa zamani alinifuata kando.

"Karani, yale maneno ya mwisho. Aliuliza vipi?"

"Zamu ya kuchunga kesho ni ya nani?"

"Alitundika kibuyu kwanza, au aliuliza kwanza?"

"Alitundika kwanza."

"Mke wangu ataniuliza," akasema. "Nimekuwa nikimpelekea kila Jumapili. Sitaki kumharibia."

Akayarudia mara tatu mbele yangu, nikamsahihisha mara moja. Kisha akaondoka kwa njia ya Nemba, midomo ikiendelea kucheza.